Fomu ya mkopo wa gari haiulizi gari litakwenda wapi

Mhariri,

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mjumbe wa kamati ya mikopo katika SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watumishi hapa Morogoro, na kazi hiyo imenifanya nisome maombi mengi ya fedha za kununulia magari. Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo maombi hayo yananionyesha kila mara. Mwombaji anajua jina la gari analolitaka, rangi yake, bei yake na hata wakala atakayemwagizia kutoka Japani, lakini hakuna mahali anapoeleza gari hilo litakwenda wapi Jumatatu asubuhi. Fomu yetu haimuulizi, na za taasisi nyingine nilizowahi kuziona hazimuulizi pia.

Majina ya magari nchini kwetu hupita kwa misimu. Ulikuwapo msimu wa Corolla na Carina, ukaja wa RAV4 ya milango mitatu, ukafuata wa Vitz, Spacio na Noah, kisha IST ikatawala barabara za mijini, na leo wenye uwezo zaidi kidogo wanaulizia Harrier, Crown na Subaru Forester. Sina ugomvi na gari lolote kati ya hayo, kwani kila moja lina mtu linayemfaa. Ninachokipinga ni ule utaratibu wa kuanza na jina la gari, kisha baadaye kutafuta sababu za kulihalalisha.

Sababu inayotajwa kuliko zote ni safari ya Desemba. Ukimuuliza mwombaji wa gari la viti 7 kwa nini amelichagua, atakwambia kwamba mwisho wa mwaka hupeleka familia Moshi, Songea au Bukoba, na kwamba hawezi kumwacha mama mkwe wala watoto wa marehemu kaka yake. Hilo ni jibu la kweli, na safari hiyo ina uzito wake katika ukoo. Lakini ni safari ya mara moja kwa mwaka, na majuma mengine yote gari hilo linampeleka mtu mmoja kutoka Kihonda hadi ofisini mjini na kumrudisha, viti 6 vikiwa vitupu. Ni sawa na mtu kununua sufuria la pilau ya harusi kisha akawa analichemshia chai ya asubuhi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue mtumishi anayekwenda kilomita 30 kwa siku, kwenda na kurudi pamoja na kupitia sokoni na shuleni, kwa siku 26 za mwezi, ambazo ni kilomita 780. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita moja litatumia lita 52, na gari kubwa linalokwenda kilomita 8 kwa lita litatumia lita 97 na nusu. Tofauti ni lita 45 na nusu kila mwezi. Tukiiweka petroli kwenye Sh3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, tofauti hiyo ni Sh136,500 kwa mwezi, yaani Sh1,638,000 kwa mwaka. Kwa fedha hiyo mtu anaweza kukodi gari la viti 7 kwa siku kadhaa za Desemba, akaipeleka familia yote nyumbani, na akabakiwa na hela ya mbuzi. Tena wasomaji watakumbuka kwamba katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake ikaongeza ushuru wa Sh40 kwa kila lita ya mafuta, kwa hiyo tangu wakati huo mwenye gari linalokunywa sana analipa zaidi kila anaposimama kwenye kituo cha mafuta, hata kama haoni risiti iliyoandikwa jina la ada hiyo.

Walioajiriwa wanaijua kanuni ya theluthi moja, inayotaka makato yote yamwachie mtumishi angalau theluthi ya mshahara wake. Sisi wa kamati tukishaona theluthi imebaki, tunapitisha ombi. Kinachofuata hakimo kwenye karatasi zetu, kwa sababu theluthi hiyohiyo, ambayo kabla ya gari ilikuwa ya unga, kodi ya nyumba na ada za shule, sasa ndiyo inayotakiwa kununua petroli, oili, matairi, bima na kumlipa fundi. Matokeo yake tunayaona mtaani: gari limelala chini ya turubai, mwenyewe yuko kwenye daladala, na makato yanaendelea mpaka mwaka wa tano.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mtu aanze na wiki yake. Achukue karatasi aandike safari za wiki moja ya kawaida: anatoka wapi, anapita barabara gani, amembeba nani na amebeba nini, anaegesha wapi na gari linalala wapi. Karatasi hiyo ikijazwa kwa uaminifu huyakataa magari mengi hata kabla bei haijazungumzwa. Muuguzi anayeishi Mazimbu, anayefanya kazi mjini na mwenye watoto wawili, anapita lami karibu njia nzima, na kwake Passo au Vitz inatosha kabisa. Faida ya ufupi wa gari hilo ataiona siku anayotafuta maegesho karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mwalimu anayefundisha Mgeta, juu milimani, hali yake ni nyingine. Njia ya kupanda huko ina kona, makorongo na matope ya masika, na gari lililokaa chini litaiacha sampo ya oili, lile bakuli la chini ya injini, juu ya jiwe. Huyo anahitaji gari lililoinuka, na fedha ikiruhusu linalovuta kwa magurudumu yote manne, kama Escudo, RAV4 au X-Trail. Najua wapo wanaonunua gari la chini wakaliinua kwa kuwekewa spesa, yaani vipande vya kuongeza urefu kwenye springi. Kwa barabara yenye mashimo ya kawaida inasaidia, lakini ekseli na joenti zinalazimika kufanya kazi katika pembe ambayo mtengenezaji hakuikusudia, na anayepanda milima kila wiki atarudi kwa fundi mapema kuliko alivyotarajia.

Mfugaji wa kuku wa Mkundi, anayepeleka trei za mayai mjini, atalilaumu kila gari la kifahari atakalolinunua, kwa kuwa kinachomfaa ni kirikuu, ile Suzuki Carry ya injini ya cc 660, au Probox, ambayo tangu ilipotoka mwaka 2002 ilikusudiwa kazi ya kubeba mizigo midogo ya ofisi na maduka. Nimewahi kusikia watumishi wakimcheka mwenzao kwa kuja kazini na Probox. Haohao ndio wanaomfuata siku wanapokuwa na mifuko ya saruji ya kupeleka kwenye kiwanja.

Kuna mahitaji ambayo hayaonekani mpaka mtu aandike. Mwanachama wetu mmoja anamuuguza mama yake ambaye magoti hayamruhusu kuinama wala kupanda juu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, gari refu kama Prado ni mateso, na gari la chini sana ni mateso pia. Raum ya toleo la mwaka 2003, ambayo vijana huiita gari la wazee, ina mlango wa nyuma unaoteleza, na upande wake wa kushoto haina nguzo katikati, hivyo milango miwili ikifunguliwa nafasi ya kuingilia inakuwa pana ajabu. Sijawahi kusikia dalali akimwuzia mtu gari kwa kumtajia sifa hiyo. Madalali husifia rimu, redio na kamera ya kurudi nyuma.

Jambo la pili ambalo karatasi ya wiki haitalimaliza ni injini. Mnunuzi wetu husema anataka Allion au Premio, kana kwamba jina hilo ni gari moja, ilhali toleo lilelile lilitoka na injini ya cc 1,500, ya cc 1,800 na ya cc 2,000. Ile ya cc 2,000 ya matoleo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, sawa na Noah za kati ya 2001 na 2007, ni ya aina ambayo mafundi wetu huiita D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Si injini mbaya. Ila inataka mafuta safi, na pampu yake ya shinikizo pamoja na nozeli zake zina bei ya kumkosesha mtu usingizi, wakati injini za kawaida za VVT-i za cc 1,300 na cc 1,500 zilizomo ndani ya Vitz, IST, Probox na Spacio zinafahamika kwa mafundi hadi wilayani. Anayeishi Dar es Salaam, karibu na maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, anaweza kujaribu gari lenye ufundi mgeni, kwa kuwa kifaa akikikosa duka hili atakipata la jirani. Anayeishi Malinyi au Ulanga atakaa siku kadhaa akisubiri kifaa kiletwe na basi, na huenda kikaja kisichofanana na cha kwake.

Ndiyo maana nasita mtu anaponiuliza kuhusu magari ya haibridi, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kama Aqua na Prius. Kwa anayetembea mjini, kwenye foleni, yanabana mafuta kweli, kwa sababu gari linaposimama na kuondoka linatumia umeme liliojichajia lenyewe wakati wa kufunga breki. Lakini swali la kwanza la kuuliza ni nani, katika mji unaoishi, anayeweza kuipima betri ile kubwa kabla hujalipa fedha, maana gari lililokaa Japani zaidi ya miaka 10 linakuja na betri yenye umri huohuo. Swali la namna hiyo linafaa pia kwa giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda badala ya gia za kawaida na kutaka mafuta yake maalumu. Fundi akiweka mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa kuwa ndiyo aliyonayo dukani, hasara hiyo itamfika mwenye gari.

Kuhusu kodi nitasema kidogo tu, kwa vile wasomaji wengi hudhani bei ya gari ni ile inayoonekana kwenye mtandao wa muuzaji wa Japani. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: gari lisilozidi cc 1,000 halitozwi ushuru huo, la juu ya hapo hadi cc 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi cc 2,000 hutozwa asilimia 10. Juu ya hayo kuna ushuru wa uchakavu kwa magari ya kutembelea, ambao ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Hapa ndipo karatasi ya wiki inapokutana na kikokotoo cha kodi cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua kwenye tovuti ya mamlaka hiyo kabla ya kulipa hata senti. Passo ya kwanza, kwa mfano, ilitoka na injini ya cc 996 na nyingine ya cc 1,297. Kwa macho ni gari lilelile, ila moja inapita chini ya ule mstari wa cc 1,000 na nyingine inaupita. Na gari la zamani linalouzwa rahisi kule Japani linaweza kufika bandarini likadaiwa kodi iliyozidi bei yake, kwa sababu TRA hutumia thamani zilizomo katika mfumo wake na haifuati punguzo ulilolipata kwa muuzaji. Wanaosikiliza ushauri wa jirani zetu wa Kenya wakumbuke pia kwamba kule gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, hivyo Mkenya hachagui kati ya gari la umri mkubwa na la umri mdogo kwa namna tunavyochagua sisi.

Wenye kununua gari lililokwisha kutumika nchini wana ugonjwa mwingine, nao ni wa namba. Gari ambalo herufi za namba yake ya usajili zinaanza na D au E linaitwa jipya, na lenye B au C linaitwa chakavu. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania Bara, basi. Haisemi lilitengenezwa lini wala lilitunzwa vipi. Gari la mwaka 2004 likiingia nchini leo litapewa namba mpya kabisa, na lenzake la mwaka huohuo lililoingia zamani, likatunzwa na mtu mmoja mwenye utaratibu wa kubadili oili, litadharauliwa kwa herufi yake na kuuzwa kwa bei ya chini. Kwa mwenye fedha kidogo, dharau hiyo ya watu wengine ni nafasi nzuri, mradi aende na fundi wake mwenyewe na si fundi wa muuzaji, alinganishe namba ya chesi na iliyo kwenye kadi, na aangalie kama gari halina faini za trafiki wala deni la maegesho la TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) linaloifuata namba yake.

Siku hizi wapo pia wanaouliza kama waweke mfumo wa gesi asilia. Kwa dereva wa teksi ya mtandaoni wa Dar es Salaam, anayezunguka kutwa, gharama ya kuweka mfumo hurudi kwa sababu ya wingi wa kilomita zake. Kwa mwanachama wetu wa kilomita 30 kwa siku itachukua muda mrefu sana kurudi, na mtungi utakuwa umechukua buti ambalo ndilo alilolitegemea kwa mizigo ya Desemba.

Najua nitajibiwa kwamba gari ni heshima, na kwamba mtu aliyesota miaka 20 kazini ana haki ya kuendesha kile ambacho moyo wake unakipenda. Hilo silikatai. Heshima ni hitaji kama mahitaji mengine, na mtu anayekutana na wateja au anayewania uongozi ana sababu ya kulihesabu. Basi aliandike kwenye karatasi pamoja na mengine, kwa bei yake, aone ni kiasi gani cha ile Sh1,638,000 yuko tayari kulilipia kila mwaka. Kinachoniudhi ni kuificha heshima nyuma ya mama mkwe. Na wapo ambao, wakishaiandika wiki yao, watakuta hawahitaji gari kabisa: anaishi umbali wa kutembea kutoka kazini, safari zake za Dar es Salaam anaweza kuzifanya kwa treni ya SGR (reli ya kisasa), ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kutoka Morogoro, na siku ya mvua kuna bajaji. Mtu wa namna hiyo kamati ingemkopesha kwa furaha zaidi kama angeomba fedha ya kumalizia nyumba.

Katika SACCOS yetu nimependekeza tuongeze ukurasa mmoja kwenye fomu, wenye maswali ya njia, mzigo, abiria, fundi na makadirio ya mafuta kwa mwezi, ujazwe kabla jina la gari halijaandikwa. Wenzangu wengine wanaona kwamba hilo ni kuingilia mambo binafsi ya mwanachama, na mjadala haujaisha. Kwenye gazeti lako ombi langu ni dogo zaidi. Kila mwezi EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) inapotangaza bei kikomo za mafuta, mnazichapisha, na kurasa zenu za magari hutuonyesha modeli, rangi na kasi. Pembeni ya bei hizo wekeni hesabu ya gari moja la kawaida: linakwenda kilomita ngapi kwa lita katika barabara zetu, seti ya matairi yake ni kiasi gani, oili na filta zake ni kiasi gani, na spea zake zinapatikana mikoa gani. Mkianza na IST na Noah, mtakuwa mmewajibu waombaji wengi wanaokuja mbele ya kamati yetu.

Mjumbe wa kamati ya mikopo,
Kihonda, Morogoro